Picha ya Harusi Isiyo na Bibi Harusi

Mwezi uliopita Nekesa na Barasa walifanya sherehe ya miaka hamsini ya ndoa kwao Busibwabo, na mimi nikakalishwa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, kwa heshima ya magoti yangu. Tulikula tukashiba: kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi na muhogo, mrenda ulioteleza wenyewe mpaka tumboni. Baada ya chakula watoto waliingia sebuleni kutafuta soda zilizobaki, na mmoja wao, Nafula, mjukuu wa Nekesa mwenye miaka tisa na mdomo usiojua kufungwa, akasimama mbele ya ukuta. "Kukhu," akamwita bibi yake, "hii ndiyo picha ya harusi yako?" Nekesa akasema ndiyo. "Sasa wewe uko wapi?" Watu wazima wote wakaangua kicheko, kwa sababu kila mtoto wa nyumba ile huuliza swali hilo akifika umri huo. Kwenye picha kuna mwanamke mmoja wa makamo ameketi upande wa kushoto, mguu umenyooshwa, mkono wake umewekwa juu ya kichwa cha msichana mwembamba mwenye macho makubwa, anayeonekana kama mtu aliyekatizwa neno mdomoni. Msichana huyo ni mimi. Nekesa haonekani hata ukucha. "Muulize kukhu yako Nabwire," Nekesa akasema akininyooshea kidole. "Yeye ndiye aliyeharibu." Nikamwambia sikuharibu peke yangu. Nilimsimulia mtoto kwa ufupi, maana pasta alikuwa anatafuta nafasi ya kufunga kwa maombi, lakini hadithi yenyewe si fupi na mimi si mtu wa kufupisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikotoka na walionizaa nitawaacha kwa leo. Wana hadithi yao. Nilikuwa nimeajiriwa kupiga taipu kwenye ofisi moja ya kupitisha mizigo mpakani Busia, na nilikuwa nimekodi chumba kwa Mama Nekesa, nyuma kidogo ya soko. Chumba kilikuwa na kitanda, meza yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha lililotazama jiko, kwa hiyo kila kitu kilichosemwa jikoni nilikisikia hata kama nimeziba masikio, na mara nyingi sikuziba. Ofisini kazi ilikuwa kugonga fomu kutwa nzima huku madereva wa malori wakiegemea kaunta na kuniambia, "Dada, hiyo karatasi yangu haijaiva?" Siku moja bosi alinituma nisafishe kabati la chuma. Nyuma ya mafaili nikakuta kamera kwenye mfuko wa ngozi, iliyoachwa na mtu aliyefanya kazi pale kabla yetu sote, pamoja na kijitabu cha mafunzo. Nikampelekea bosi. Akaigeuza mara mbili, akapuliza vumbi, akasema, "Chukua wewe. Hapa sisi tunahitaji mihuri." Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimeikumbatia kama mtoto mchanga, na mama wauza nyanya wakaniuliza kama nimejifungua.

Kijitabu kile kilikuwa na mambo matamu. Hakikufundisha kupiga picha za watu wamesimama wima mikono mbavuni, la. Kilifundisha vituko: namna ya kuufanya mwanga wa taa uwe na ukungu, namna ya kumpiga mtu mmoja akaonekana wawili, namna ya kupata picha ya jani bila kamera kabisa. Taabu ni kwamba mchwa walikuwa wamekula nusu ya chini ya kila ukurasa. Kwa hiyo nilijua kila kituko kinavyoanza na sikujua hata kimoja kinavyoisha. Nadhani hiyo ndiyo iliyonifanya niupende mchezo ule, kwa sababu kila mwisho ilibidi niutafute mwenyewe. Nilipaka mafuta ya mgando kwenye kipande cha kioo nikakiweka mbele ya lenzi, na foleni ya malori ikatoka kama inaelea kwenye uji. Nilivalisha kamera soksi ndefu ya kike, na polisi wa kizuizini akatoka na uso laini wa malaika, akaomba nakala tatu. Nililaza majani ya mrenda juu ya karatasi ya picha nikaianika juani, nikapata mrenda mweupe kwenye anga la kahawia. Mama Nekesa aliitazama ile karatasi kwa muda, kisha akauliza, "Na huu utaupika lini?"

Filamu nilizisafisha ghalani. Mama Nekesa alinikubalia kona moja, kati ya magunia ya mahindi na debe la omena, wale dagaa wa ziwani, nikaziba mlango kwa pazia zito jeusi nililoshona kwa mikono. Tochi niliifunga kitambaa chekundu. Mabeseni nilikuwa nayo matatu, na nilikuwa nimeyapaka alama ya rangi ya kucha ili mtu asije akakandia unga wa mandazi humo, jambo ambalo lilikuwa limekaribia kutokea mara moja. Dawa zilikuja kutoka Kisumu kwa mkono wa madereva. Picha zangu zote za mwaka ule zinanuka omena mpaka leo. Ukiwa na shaka, njoo nikunusishe.

Kituko nilichokipenda kupita vyote ni kile cha kupiga picha mbili juu ya kipande kimoja cha filamu. Nilianza na Mama Nekesa. Alitoka na vichwa viwili, kimoja kinakasirika na kingine kinacheka. "Umenipa vichwa viwili na kilemba kimoja?" akalalamika, lakini aliibeba ile picha mpaka sokoni akamwonyesha kila mtu. Baada ya hapo matanboi, wasaidizi wa madereva wa malori, walinifuata: huyu anataka aonekane amekaa kwenye mabega yake mwenyewe, yule anataka asalimiane na nafsi yake. Kwa kuwahangaikia hao ndipo nilipojifunza jambo ambalo mchwa walikuwa wamelila. Penye giza, filamu hubaki na njaa, na ukipiga mara ya pili, hupokea. Penye weupe huwa imeshashiba, haipokei kitu tena. Ukimweka mtu mbele ya pazia jeusi, unaweza kumwongezea mwenzake hapo kando. Ukimweka mbele ya ukuta wa chokaa, huyo wa pili anamezwa mzima. Nililijua hilo vizuri sana, na naomba ulikumbuke, kwa sababu mimi siku ilipofika nililinyamazia.

Mwenzangu katika mchezo ule alikuwa Wandera, mwalimu wa sayansi upande wa pili, Uganda. Alikuwa mpwa wa Baba Nekesa, mtoto wa dada yake, na kila Jumamosi alivuka kwa miguu kwa njia ya mabwawa ya Mto Sio, suruali imekunjwa mpaka magotini, akileta ndizi na kurudi na chumvi na sabuni, maana kwao dukani kulikuwa kumebaki rafu tupu. Tulikaa kwenye ngazi ya ghala tukibishana juu ya mwanga mpaka chai ipoe. "Nyabo," alikuwa akiniita kwa ile lugha ya kwao ya heshima, "wewe kama ungekuwa mwanafunzi wangu ningekufukuza darasani kwa maswali." Wengi walidhani kuna jingine kati yetu. Halikuwapo, Wandera alikuwa na mchumba wake, na mimi nilikuwa na kamera.

Mwaka huo mpaka ulikuwa unafungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka la mtu mwenye hasira. Mara magari yanapita, mara wanajeshi wa upande ule wameweka magogo barabarani na hakuna anayejua sababu. Na mwaka huo huo Nekesa alikuwa anaolewa. Mchumba wake, Barasa, alikuwa ametoka kwenye utanboi akawa dereva kamili, na alikuwa amepewa gari la kwenda na kurudi Mombasa. Alikuwa na wiki moja tu ya ruhusa, harusi iwe Jumamosi ile au isubiri mpaka mwaka mwingine. Kanisa lilikuwa limeshatangaza, ng'ombe walikuwa wameshapokelewa. Basi majuma mawili na siku kadhaa kabla, jioni, nikiwa chumbani nafunga kifungo, nikasikia Mama Nekesa jikoni akisema kwa sauti ndogo, na Mama Nekesa hakuwa mtu wa sauti ndogo: "Simtoi." Baba Nekesa akauliza, "Humtoi nani?" "Mtoto wangu. Simtoi bila mkono wa senge yake."

Senge ni shangazi, dada ya baba. Katika nyumba ile hakuna msichana aliyevuka kizingiti kwenda kuolewa kabla senge hajamshika kichwa mara tatu na kumwambia maneno yake. Mara tatu, basi. Ya nne hushikwa maiti. Na Baba Nekesa alikuwa na dada mmoja tu duniani, Senge Nafula, mama yake Wandera, aliyeolewa ng'ambo, ndiye ambaye mjukuu wa Nekesa amerithi jina lake. Na Senge alikuwa amevunjika mguu kwa kuteleza kisimani, mguu umefungwa vijiti, hawezi kupita bwawani, na barabarani magari hayapiti. "Basi Nekesa aende yeye," nikasikia Mama Nekesa akisema. Baba Nekesa akapiga meza. "Apite mbele ya bunduki za wale? Binti yangu? Heri asiolewe!" Halafu nikasikia mtu analia upande wa ghala, na mtu huyo alikuwa Nekesa, amekaa juu ya gunia la mahindi kwenye chumba changu cha giza, akifuta pua kwa pazia langu.

Tuliitwa kula. Samaki alikuwa ngege mkubwa, na hakuna aliyemgusa. Nilimtazama Nekesa, rafiki yangu, ambaye alikuwa amenipa shuka siku ya kwanza nilipofika na kucheka vituko vyangu vyote, na mdomo wangu ukatangulia mbele ya akili. "Mimi nitamleta Senge," nikasema. Baba Nekesa akauliza kama nimenunua ndege. Nikawaeleza: Wandera ataenda na kamera, atampiga Senge picha akiwa amenyoosha mkono mbele ya pazia jeusi. Kisha filamu itarudi hapa, nitaizungusha mpaka mwanzo, na Nekesa atakaa mahali pa giza, chini ya mkono. Watatoka pamoja, kitu kimoja, mkono juu ya kichwa. Mama Nekesa alikuwa na vichwa vyake viwili ukutani kama ushahidi. Alifikiri mpaka ugali ukapoa. "Na atamshika kweli?" akauliza. "Atamshika, mama." "Mara tatu?" "Mara tatu." Akachukua kichwa cha samaki, ambacho siku zote kilikuwa cha mwenye nyumba, akakiweka kwenye sahani yangu. Baba Nekesa alikiangalia kikipita.

Jumamosi iliyofuata mimi na Wandera tulijipanga kama watu wanaojenga daraja. Niliweka nukta ya wino kwenye kidirisha cha kamera: mkono wa Senge ukae hapo, na mimi nitaweka kichwa cha Nekesa chini yake. Nilimpa kamba ya katani yenye mafundo mawili, moja la umbali wa kamera na kiti, moja la urefu wa kichwa. Filamu nilikuwa nimeikwaruza kwa sindano pale inapoanzia, ili nijue pa kuirudishia. Kamera ikaingia kwenye katoni ya sabuni, katikati ya miche, na Wandera akaingia bwawani. Juma lile nilikosea fomu tano. Kila nilipomwona mwanajeshi wa ng'ambo amesimama kizuizini, kidole kiligonga herufi ya jirani.

Akarudi Jumamosi na kamera chini ya mkungu wa ndizi, anacheka peke yake njia nzima. Senge alikuwa amekataa katakata kunyoosha mkono hewani. "Mimi nibariki upepo? Ninyi watoto mmesoma mpaka mmeharibika." Ikabidi Wandera achukue chungu cha maji, akifunike kwa kipande cha pazia jeusi la maabara ya shule, akiweke kwenye kimo cha fundo la kamba, amwambie hicho ndicho kichwa cha Nekesa. Basi Senge akakishika chungu, na akaanza kuongea nacho. Alikiambia kisimjibu mume kwa hasira kabla hajala. Alikiambia kikipata mtoto kisimnyime bibi yake jina. Alilia kidogo. Wandera akapiga mara tatu, na alipoomba mara moja zaidi kwa bahati nzuri, mama yake akamtwanga fimbo. "Ya nne unataka afe?" Kwa hiyo picha zilikuwa tatu, na hazingeongezeka.

Jumapili baada ya ibada nikatundika pazia langu mlangoni pa ghala, nikaweka kiti, nikapima kwa kamba. Nekesa alikuwa amevaa gauni la bluu iliyokolea, nywele zake nyeusi zimesukwa vizuri, safi kabisa kwa kazi yangu. Ndipo Mama Nekesa akatoka ndani na kina mama wanne wa kanisani nyuma yake, na mikononi ameshika shela ya harusi, ndefu, nyeupe pe. "Atashikwa akiwa amevaa hii," akasema. "Senge aone bibi harusi." Nilijua. Naapa nilijua. "Mama," nikaanza, "ingekuwa vizuri bila shela." "Kwa nini?" Wale kina mama wakanigeukia wote. Nikajiona nilivyo: mpangaji, msichana wa kutoka kwingine, mwenye soksi juu ya kamera, nikitaka kumfundisha mama mtu namna ya kumvalisha bintiye. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Nikasema, "Hapana, ni sawa tu."

Nikapiga ya kwanza na shela. Nikapiga ya pili na shela, na Nekesa alicheka kwa sababu mama mmoja alianza kuimba kabla ya wakati. Ya tatu, moyo ukanisuta. Nikasema kuna joto, hii ya mwisho tumpumzishe shela, na Mama Nekesa, kwa kuwa ameshaona mbili, akakubali. Lakini Nekesa alikaa juu mno, akaja chini mno, akainamisha shingo, mpaka nikamwambia asimame yeye nyuma ya kamera, atazame, na mimi nikae nimwonyeshe. Na mimi siku hiyo nilikuwa nimevaa nyeusi, kama kawaida yangu nikiwa kazini ghalani. Nikakaa. "Unaona ile nukta?" "Naona. Iko utosini kwako." "Basi hivyo ndivyo utakavyokaa." "Na ukipiga unabonyeza hapa?" akasema Nekesa. "Hivi?" Nikafungua mdomo kusema usibonyeze, na kamera ikalia.

Tulicheka, bwana. Hata mimi nilicheka. Nikajiambia zile mbili zitatosha, labda shela haikuwa nyeupe sana, labda jua lilikuwa upande wetu. Nilijidanganya hivyo siku nne, mpaka dereva aliponiletea dawa kutoka Kisumu Alhamisi mchana. Nikaomba ruhusa ofisini, nikaingia ghalani, nikasafisha filamu, nikaining'iniza ikauke juu ya omena, nikachapa vipicha vitatu vidogo visivyozidi kidole gumba. Vikajitokeza kwenye beseni kimoja kimoja chini ya ile tochi nyekundu. Cha kwanza: Senge mzuri, ameketi, mkono umenyooka, na penye kifundo mkono umekatika, umemezwa na shela. Cha pili: vilevile, na Nekesa anacheka mbele ya mwanamke asiye na kiganja. Cha tatu kilichukua muda kutokea. Halafu nikaona vidole. Vitano vyote, vimetulia juu ya nywele, kila kimoja na kucha yake, na chini ya vidole hivyo sura yangu mdomo wazi. Katika picha zote nilizopiga maishani, na ile hata sikuipiga, hakuna iliyowahi kukaa sawasawa vile.

Niliketi juu ya gunia nikatunga uongo. Ningesema mkono uko chini ya shela. Nani angebisha? Shela si hufunika? Mama Nekesa angefurahi, Barasa angeoa, na mimi ningeitwa fundi. Niliufanyia mazoezi uongo ule kwa sauti mara mbili na ulikuwa mzuri. Nikatoka nao. Jikoni Mama Nekesa alikuwa anageuza ugali, jasho linamtiririka, na aliponiona akaacha mwiko ndani ya sufuria, akafuta mikono yake kwenye leso, kila kidole peke yake, ndipo akainyoosha kupokea. Ile kufuta vidole ndiyo iliyonishinda. "Mama, nimeharibu," nikasema, nikaanza kulia. "Shela imekula mkono. Nilijua itakula na sikukwambia. Niliogopa. Senge hakumshika Nekesa hata mara moja."

Baba Nekesa akaja. Nekesa akaja, akaona, akakaa chini palepale mlangoni. Ilibaki siku moja na nusu. Mama Nekesa alipeleka vile vipicha dirishani, akavitazama kimoja kimoja, akarudia cha tatu, akakisogeza karibu na jicho. "Huu ni mkono wa wifi yangu," akasema. "Naujua, hata kovu la kisu hilo hapo. Na huyu ni wewe." "Kwa makosa, mama. Nekesa alibonyeza." "Sijauliza nani alibonyeza. Alishika mara ngapi kule?" "Tatu." "Na maneno alisema?" "Yote. Alikiambia chungu, lakini alisema yote." Akageuka kwa mumewe. "Basi mkono wa dada yako umefika. Uko hapa nyumbani, uko kwa huyu." Baba Nekesa akakohoa. Akasema mimi si wa ukoo, msichana wa kuja, senge haokotwi. Mama Nekesa hakupandisha sauti hata kidogo. "Anakula wapi?" akamuuliza. "Hapa." "Analala wapi?" "Hapa." "Kichwa cha samaki nani alikula?" Baba Nekesa, ambaye alikuwa ameukumbuka ule usiku wa ngege kwa uchungu, akakubali kwamba kweli, kichwa cha samaki nilikula mimi.

Jumamosi asubuhi nilioga, nikafungwa kitambaa kichwani na kina mama walewale wa kanisani, nikasimamishwa kwenye kizingiti. Wandera alikuwa amekuja, suruali bado imelowa, akanong'oneza maneno ya mama yake sikioni mwangu moja baada ya jingine ili nisiruke hata moja. Nekesa akapiga magoti. Nikamshika kichwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sijui ndoa, sijui mume. Nikamwambia asimjibu mumewe kwa hasira kabla hajala. Nekesa akaanza kucheka chini ya shela, nikamfinya, akatulia, na mara ya tatu tulikuwa tunalia wote wawili na Mama Nekesa anapiga vigelegele. Barasa alimchukua kabla ya saa nne, na Jumatatu alikuwa njiani kwenda Mombasa.

Senge Nafula mwenyewe alivuka miezi kadhaa baadaye, mpaka ulipofunguliwa, na fimbo yake. Nilijificha ghalani. Akaniita, akaiangalia ile picha, ambayo wakati huo nilikuwa nimeipeleka Kisumu ikakuzwa, akaniangalia mimi. "Kumbe ndiye wewe uliyekuwa kwenye chungu," akasema. Nikaomba msamaha. Akasema mguu wake hautapona vizuri, mabwawa yale hatayapita tena, na wasichana wa ndugu zake wanakua. "Kazi hiyo ibaki kwako. Lakini na wewe usimshike mtu mara nne." Sikuolewa, nilipiga taipu mpaka mashine za taipu zikaisha, na katika miaka hiyo nimeshika vichwa kumi na vinne vya nyumba ile, wasichana wa Nekesa na wa kaka zake, na hakuna aliyewahi kuniuliza ukoo wangu. Tangu ile "ni sawa tu" yangu, kitu nikikijua hukisema, hata mbele ya maaskofu, na maaskofu wamelalamika.

Siku ya sherehe, pasta alipomaliza, Nafula alinifuata mpaka kwenye kiti changu. "Kukhu Nabwire, na mimi utanishika?" Nikamtazama: miaka tisa, mafuta ya kuku mashavuni. Nikatazama magoti yangu. Nikamwambia aniletee mfuko ule nilioweka chini ya kiti. Kamera ninayo bado, na ndani kulikuwa na filamu ambayo mjukuu mmoja alinitafutia Nairobi na kunikatalia kusema alivyoipata. Nilikuja nayo kupiga watu wakila, lakini mpaka hapo sikuwa nimepiga hata moja. Nikaikwaruza mwanzo wake kwa sindano. Tukatundika blanketi jeusi la Barasa mlangoni, tukafunika chungu kwa mtandio wangu mweusi, na nikamwandikia Nafula karatasi ya kuwekwa pamoja na filamu kwenye kopo, ipo mpaka leo kabatini kwa Nekesa: Isisafishwe kwanza. Zipo tatu. Rudisha mpaka kwenye alama. Keti chini ya mkono. Shela uvae baadaye, hata wakisema nini.

Nekesa akasimama nyuma ya kamera, miwani kwenye paji la uso, akatafuta nukta ya wino. Mimi nikaketi, nikanyoosha mkono, nikashika chungu. Kilikuwa baridi, halafu hakikuwa baridi tena. Nilikiambia kisimjibu mume kwa hasira kabla hajala. Nilikiambia kikijua jambo kiliseme. Nafula alikuwa amekaa mlangoni anatafuna andazi, akitazama chungu kinavyoshikwa kwa niaba yake.

"Unabonyeza hapa, si ndiyo?" Nekesa akauliza. "Hivi?"

"Hivyo hivyo," nikasema, kisha nikakiinamia chungu. "Na wewe tulia, mama. Usicheke."